Utafiti wa kimaelezo katika kriminolojia: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa uzamili, kuanzia hukumu za mahakama hadi sura ya matokeo

Malalamiko ya wasimamizi wa tasnifu ni yale yale kila mwaka. Mwanafunzi amerudi kutoka gerezani na mahojiano ishirini, kazi ya uwandani imekwenda vizuri, lakini sura ya matokeo ni mlolongo wa nukuu: mshiriki wa kwanza alisema hivi, wa pili akaongeza vile, wa tatu akakubaliana nao. Hoja haionekani popote.

Bidii haikukosekana. Wengi husoma vitabu vya mbinu kwa miezi kadhaa, kisha uchambuzi wao wa kwanza maishani wanaufanya juu ya data ambayo hawawezi kuipata tena. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Kwa hiyo mwongozo huu unakutaka uuzunguke utafiti mzima mara moja kwa kutumia hukumu za mahakama zilizo wazi kwa umma, ukosee humo bila kumdhuru mtu, ndipo uende kwa watu.

## Vitu vya kuandaa

- Hukumu 10 hadi 12 za kosa la aina moja, zilizochapishwa rasmi. Chagua ndefu, zenye maelezo ya utetezi na sababu za adhabu. Kwa zoezi la kwanza epuka kesi za ukatili dhidi ya watoto. Kuzisoma neno kwa neno kwa wiki kadhaa kunachosha roho kuliko unavyodhani.
- Daftari la tini, mbali na daftari la masomo. Humo utaandika unachofikiri kuhusu data, pamoja na kila uamuzi unaofanya na tarehe yake.
- Kalamu za rangi na karatasi, au jedwali la kompyuta. Programu za kupanga na kutafuta data kama NVivo, ATLAS.ti na MAXQDA zitakufaa baadaye. Kama unataka programu ya bure, Taguette inatosha kwa kazi ya kiwango hiki.
- Kinasa sauti kisichounganishwa na intaneti. Simu nyingi hupeleka nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni zenyewe, na mwenye simu hana habari.
- Mwenzako mmoja aliye tayari kusoma data ile ile na kubishana nawe.
- Wiki sita hadi nane kabla ya tarehe ya kwenda uwandani.

## Hatua ya 1: Andika swali ambalo hesabu haiwezi kulijibu

"Je, umaskini unasababisha wizi?" ni swali zuri, ila si lako. Linataka watu wengi, vipimo na ulinganisho. Utafiti wa kimaelezo hushughulikia *namna*: watu wanakielewaje kitendo, kilitokeaje hatua kwa hatua, kinahalalishwa kwa maneno gani, uamuzi ulifikiwaje.

Kwa zoezi hili tumia swali kama: "Washtakiwa wa shambulio wanakielezaje kitendo chao katika utetezi, na mahakama inayapokeaje maelezo hayo?"

Tahadhari: usianze na mbinu ("nataka kufanya mahojiano") halafu uitafutie swali. Kamati inayopitia pendekezo lako itakuuliza kwa nini mahojiano na si nyaraka au ushuhudiaji, nawe utabaki kusema kwamba mahojiano yanatoa taarifa za kina, jibu ambalo wanakamati wamelisikia hadi wamelichoka.

Swali limekaa sawa pale mtu asiye wa fani yako akilisoma anaweza kutaja mwenyewe ni data ya aina gani italijibu.

## Hatua ya 2: Soma kabla ya kuweka alama

Soma kila hukumu mara mbili bila kalamu. Mara ya kwanza fuata kisa. Mara ya pili jiulize: nani anaongea hapa, na maneno yake yamepita mikononi mwa nani?

Jambo hili ni la msingi. Hukumu haikuonyeshi tukio lilivyokuwa. Mshtakiwa alisema jambo, pengine kwa lugha nyingine, mkalimani akalitafsiri, karani au hakimu akalifupisha, kisha likanukuliwa kwa sababu lilisaidia kufikia uamuzi fulani. Ukiichukua kama sauti ya mshtakiwa moja kwa moja, uchambuzi wako umeanza kwa kosa. Ukiichukua kama jinsi mahakama *inavyomwandika* mshtakiwa, una data nzuri sana. Mazoea hayo utayahitaji gerezani pia, kwa maana mfungwa anayekusimulia kisa chake amekwisha kukisimulia kwa polisi, kwa wakili na kwa hakimu.

## Hatua ya 3: Simba mstari kwa mstari

Kusimba ni kukipa kipande cha data jina fupi linaloeleza kinachoendelea ndani yake. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tutulie kidogo. Chukua utetezi huu, ambao nimeutunga kwa ajili ya zoezi:

> "Mimi sikumpiga. Nilimsukuma tu, akaanguka mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuja kwangu usiku, amelewa. Pale mtaani kila mtu anajua ana tabia hiyo."

Anayeanza huandika pembeni: *ugomvi, pombe, usiku*. Misimbo hiyo inataja vilivyomo bila kusema maneno yanafanya kazi gani. Rudia, safari hii ukianza kila msimbo na kitenzi:

- kukipa kitendo jina dogo ("nilimsukuma tu")
- kumfanya aliyeumia kuwa mtendaji ("akaanguka mwenyewe")
- kuhamishia chanzo kwa mwingine ("yeye ndiye aliyekuja")
- kuuita mtaa uwe shahidi ("kila mtu anajua")

Tazama "akaanguka mwenyewe" kwa karibu. Ndani ya sentensi moja mtendaji amebadilika. Mkono uliosukuma umetoweka, amebaki mtu anayeanguka kana kwamba ni kwa hiari yake. Msimbo "ugomvi" usingekuonyesha hilo hata ungeusoma mara mia.

Sasa nadharia. Mwaka 1957 wanasosholojia Gresham Sykes na David Matza walieleza njia tano ambazo mvunja sheria huzitumia kujitua lawama: kukana wajibu, kukana madhara, kukana kwamba aliyeumia ni mwathirika, kuwashutumu wanaomshutumu, na kudai kwamba alikuwa mtiifu kwa jambo kubwa zaidi. Utashawishika kuzifanya njia hizo droo tano na kutupia kila sentensi ndani. Jizuie, walau katika mzunguko wa kwanza. "Kila mtu anajua ana tabia hiyo" unaweza kuiingiza kwenye kumkana mwathirika, lakini inafanya kazi ya ziada: inaleta sifa ya mtu mtaani kama ushahidi mahakamani. Pale data inapogoma kuingia kwenye droo ndipo penye mchango wako, na mtahini anayejua kazi yake atapatafuta hapo hapo.

Kila unaposhtuka, simama uandike tini. Mistari mitatu inatosha: nimeona nini, kwa nini kimenishtua, nikitafute wapi tena.

Baada ya hukumu tatu, mpe mwenzako mojawapo aisimbe peke yake, kisha mkae pamoja. Hamtakiwi kufanana. Kinachotakiwa ni wewe kugundua mahali ambapo uliona ulichotaka kuona. Kama mmoja wenu amewahi kufanya kazi polisi au ana ndugu aliyefungwa, tofauti za usomaji zitajitokeza mapema. Ziandikeni, kwa sababu ndizo zitakazojaza sehemu ya tasnifu inayoeleza nafasi ya mtafiti.

Ukisoma misimbo yako pekee, bila hukumu zenyewe, na bado ukaweza kusimulia kinachofanyika ndani ya data, umeiva kwa hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Toka kwenye misimbo hadi dhamira

Utakuwa na misimbo mingi, mingine imejirudia kwa majina tofauti. Iandike kwenye vikaratasi, itandaze mezani, panga na kupangua. Wanasaikolojia Virginia Braun na Victoria Clarke, katika makala yao ya mwaka 2006, waliigawa kazi hii katika awamu sita: kuizoea data, kusimba, kutafuta dhamira, kuzipitia upya, kuzipa fasili na majina, kisha kuandika. Usizisome kama ngazi ya kupanda bila kurudi nyuma. Ukifika ya tano ukarudi ya pili, kazi inakwenda vizuri.

Kosa la kawaida ni kuita mada dhamira. "Sababu za shambulio" ni mada, kabati tupu linalopokea chochote. "Washtakiwa huomba wahukumiwe na mtaa kabla ya kuhukumiwa na sheria" ni dhamira: ina kitenzi, inadai jambo, na mtu anaweza kuipinga. Dhamira isiyoweza kupingwa haijakamilika.

Halafu iwinde kesi inayoipinga. Je, kuna mshtakiwa aliyekiri moja kwa moja bila kumtaja mtu wala mtaa? Mahakama ilimpokeaje? Usimfiche kwenye tanbihi. Ama dhamira yako inabadilika kumpa nafasi, ama unaeleza kwa nini yeye alikuwa na njia nyingine. Vyovyote iwavyo, hoja inatoka na nguvu zaidi.

Kuhusu programu: haichambui kitu. Inahifadhi na kutafuta haraka. Mtu anayeandika "data zilichambuliwa kwa NVivo" na kuishia hapo ametaja kabati la mafaili, hajataja mbinu.

## Hatua ya 5: Jifunze kuuliza

Sasa umejua uchambuzi unahitaji nini, utauliza vizuri zaidi. Ndiyo maana hatua hii haikuja mwanzoni.

Liondoe swali la "kwa nini" kwenye mwongozo wako wa mahojiano. Mtu aliyepitia mfumo wa haki jinai ameshaulizwa kwa nini na kila mwenye mamlaka juu yake, na jibu analo tayari, limenyooka kama utetezi. "Kwa nini uliiba?" inakurudishia utetezi huo. "Nielezee siku ile kuanzia ulipoamka" inakuletea watu, sehemu, saa na maamuzi madogo madogo, na sababu zinajitokeza zenyewe humo ndani.

Andika maswali makuu sita au saba yasiyozidi hapo, kila moja na viulizi vidogo vya kuchokonoa: "Ikawaje?", "Ulisema 'wale jamaa', ni watu wa namna gani?", "Hapo ulikuwa unawaza nini?"

Fanya mazoezi na mwenzako kuhusu kanuni ndogo aliyowahi kuivunja. Rekodi dakika 20, kisha nukuu mazungumzo yote kwa maandishi. Saa moja ya sauti humchukua anayeanza saa nne hadi sita, mara nyingi zaidi. Ni afadhali ulijue hilo leo kuliko ukiwa na saa 25 za sauti na mwezi mmoja umebaki.

Sikiliza ulipokatiza ukimya. Wengi wetu hatuvumilii sekunde tatu. Mara kwa mara sentensi muhimu kuliko zote huja baada ya sekunde ya tano.

## Hatua ya 6: Jenga ulinzi wa washiriki kabla ya kuomba kibali

Kamati ya maadili inaweza kukataa maombi ya kriminolojia kwa sababu hii: mwanafunzi ameahidi usiri asioweza kuutimiza.

Mwaka 1993 Rik Scarce, mwanafunzi wa uzamivu katika sosholojia nchini Marekani, alifungwa siku 159 kwa kukataa kulieleza baraza la uchunguzi wa jinai mambo aliyodai alipewa kwa ahadi ya usiri wa utafiti. Mwaka 2011 mamlaka za Uingereza, kupitia serikali ya Marekani, zilianza kudai rekodi za mahojiano zilizohifadhiwa Boston College, chuo kikuu cha Marekani, ambamo waliokuwa wanamgambo wa Ireland Kaskazini walisimulia wakiamini kwamba hazitafunguliwa wangali hai. Baadhi zilikabidhiwa kwa amri ya mahakama. Kwa jumla mtafiti hana kinga aliyonayo wakili kwa mteja wake, kwa hiyo uliza sheria ya mahali utakapofanyia kazi inasemaje kabla ya kuandika neno "siri" kwenye fomu.

Fanya hivi:

1. Taja mipaka ya usiri kwa maneno ya kawaida. Mwambie mshiriki, kabla hajasema lolote, ni mambo gani utalazimika kuyaripoti: mpango wa kumdhuru mtu au kujidhuru, ukatili unaoendelea dhidi ya mtoto, na gerezani, mpango wa kutoroka.
2. Zungumzia makosa yaliyokwisha kuhukumiwa tu. Mwombe asitaje majina, tarehe wala mahali pa makosa ambayo hayajafika mahakamani. Akianza kuyataja, msimamishe kwa upole. Usichokijua huwezi kulazimishwa kukitoa.
3. Hakikisha ridhaa ni ridhaa. Mfungwa aliyeletwa na askari si mtu aliyekubali. Mweleze waziwazi kwamba kushiriki hakupunguzi kifungo na kukataa hakuongezi adhabu, kisha mwombe akurudishie maelezo hayo kwa maneno yake. Akisema "utanisaidia kwenye rufaa", bado hajaelewa, anza upya.
4. Tenganisha majina na data. Jina bandia kwenye faili la mahojiano. Orodha ya kuoanisha majina mahali pengine, chini ya nenosiri jingine. Wakati mwingine ridhaa ya mdomo inayorekodiwa ni salama kuliko saini.

Tahadhari inayosahaulika: vitabu vingi hushauri kumrudishia mshiriki maandishi ya mahojiano ayahakiki. Usipeleke karatasi hizo gerezani. Selo hupekuliwa, na kinachosomwa na wengine kinaweza kumgharimu mtu usalama wake. Rudia mambo makuu kwa mdomo mwishoni mwa mahojiano.

Maombi yako yamekaa vizuri ikiwa kila ahadi iliyomo unaweza kueleza utaitimiza vipi siku ambayo ofisa mpelelezi amebisha hodi.

## Hatua ya 7: Amua idadi ya mahojiano, na uweze kuitetea

Mwaka 2006 Greg Guest na wenzake walichambua mahojiano 60 na wanawake wa nchi mbili za Afrika Magharibi, wakaona misimbo mingi ilikuwa imekwisha kujitokeza ndani ya 12 ya kwanza. Tangu hapo 12 imegeuzwa kanuni na watu wasiosoma sharti lake: washiriki walifanana kwa kiasi na waliulizwa maswali yale yale. Monique Hennink na wenzake, mwaka 2017, walionyesha kwamba kuzipata mada kulihitaji mahojiano 9, lakini kuzielewa vizuri kulihitaji 16 hadi 24.

Kwa hiyo usinukuu namba peke yake. Sema unatarajia ngapi, kundi lako linafanana kiasi gani, na utajuaje kwamba data haileti jipya. Daftari la tini litakusaidia: andika baada ya kila mahojiano misimbo mipya ni mingapi.

Ukitegemea mshiriki mmoja akuelekeze kwa mwingine, anzia sehemu mbili au tatu tofauti. La sivyo utakuwa umechunguza kundi moja la marafiki. Vivyo hivyo kwa wafungwa waliochaguliwa na uongozi wa gereza: ndio wenye nidhamu, na uliandike hilo bila kuona haya.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Omba chumba ambacho askari anaona lakini hasikii. Kama kinasa sauti kimekataliwa, na mara nyingi hukataliwa, andika maneno makuu na vipande vya nukuu, kisha kaa siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, uandike upya kikamilifu. Weka alama za kufungua na kufunga usemi kwenye maneno unayoyakumbuka kama yalivyosemwa tu. Mengine yabaki kuwa muhtasari wako.

Usipange mahojiano zaidi ya mawili kwa siku. La tatu utalisikiliza kwa masikio ya la kwanza.

Mshiriki akilia, zima kinasa na umuulize kama anataka kuendelea. Uwe na jina la mtu wa kumwelekeza, ofisa wa ustawi au mshauri nasaha, umeshakubaliana naye mapema. Wewe nawe tafuta mtu wa kuzungumza naye; visa hivi hufuata watu hadi nyumbani.

## Hatua ya 9: Andika sura ya matokeo

Kila nukuu ije na kazi. Kabla yake mwambie msomaji atazame nini. Baada yake, onyesha neno au mpangilio gani unaothibitisha hoja, kama tulivyofanya na "akaanguka mwenyewe". Nukuu ya mistari minane ikifuatiwa na "hii inaonyesha kwamba washiriki walikuwa na changamoto" ni nafasi iliyopotea.

Jaribio langu ninalolipenda: futa nukuu zote kwenye nakala ya sura hiyo, usome kilichobaki. Kama hoja bado inasomeka, una sura ya matokeo. Kama zimebaki sentensi za kuunganishia tu, rudi Hatua ya 4. Kisha fanya kinyume chake, soma nukuu peke yake: je, washiriki wawili wenye ulimi mtamu wamebeba robo tatu ya sura? Warudishe wengine.

Katika sura ya mbinu, vigezo vinne vya ubora wa utafiti wa kimaelezo vya Yvonna Lincoln na Egon Guba vya mwaka 1985 (kuaminika, kuhamishika, kutegemeka na kuthibitika) visiandikwe kama fasili. Chini ya kila kimoja taja ulichokifanya: kesi iliyopinga dhamira na ulivyoishughulikia, maelezo ya mazingira yanayomwezesha msomaji kulinganisha na kwake, tini zenye tarehe, ubishi wako na mwenzako ulivyoisha.

Kabla ya kukabidhi, pitia nukuu mara ya mwisho ukiwa na jicho la askari wa gereza lile. Jina bandia halimfichi mtu ambaye ndiye pekee aliyefungwa kwa kosa fulani katika mwaka fulani. Badilisha au futa maelezo hayo, na ueleze kwenye sura ya mbinu kwamba umefanya hivyo. Tarehe uliyoiahidi kamati ya kufuta sauti iweke kwenye kalenda sasa hivi, pamoja na nakala zilizoko kwenye fleshi na kwenye kompyuta ya mwenzako.